Mfanyakazi bora na kamba ya mnyapara

Mei Mosi ikishapita hubaki picha za kutuzwa mfanyakazi bora. Zipitie za miaka mitano mfululizo uone zinavyofanana: mtu ameshika hundi ya mfano iliyo pana kuliko kifua chake, kulia kwake mgeni rasmi, kushoto kwake mkuu wa taasisi, nyuma yao turubai na bango la kaulimbiu. Chini ya picha, maoni ya watu nayo hayabadiliki. Mmoja anauliza zawadi ilikuwa shilingi ngapi, akitajiwa anacheka. Mwingine anauliza huyo mfanyakazi bora ni shemeji wa nani. Ubishi ukikolea unakuwa wa unene wa bahasha na usafi wa kamati iliyochagua, kisha tunasahau mpaka mwaka unaofuata. Nadhani wote wawili wanabisha hodi nyumba siyo. Hata zawadi ingekuwa kiwanja chenye hati, na hata kamati ingekuwa ya malaika, swali lenyewe lingebaki palepale: mwajiri mwenye watu 400 anapata faida gani kumsimamisha mmoja jukwaani? Jibu langu ni kwamba tuzo ya mfanyakazi bora haisemi na aliyepanda jukwaani. Inasema na wale 399 waliobaki juani na kofia zao na fulana za sare. Inawaambia kwamba kazi ikilala, waliolala ni wao.

Wazee waliolima mashamba ya watu walilijua hili kabla mtu hajavumbua hundi ya mfano, na walikuwa na neno lake: ngwe. Ngwe kwa asili ni kamba tu, na kwa kuwa kamba ndiyo iliyopima kipande cha kulima cha siku, kipande chenyewe nacho kikaitwa ngwe. Mnyapara anapima, unapewa ngwe yako, ukiimaliza siku yako imehesabiwa. Kwenye mashamba ya mkonge kibarua alikuwa na kadi yake ya kipande, siku 30 za kutimiza, na siku ambayo kazi haikukamilika ilikuwa kama hakuja. Sasa mfikirie kijana mwenye nguvu zake anayemaliza ngwe saa tatu asubuhi akaenda kujilaza chini ya mwembe. Anadhani amejipatia mapumziko, kumbe amemwonyesha mnyapara kwamba kamba ni fupi. Kesho kamba inaongezwa, na haiongezwi kwake peke yake; inaongezwa kwa mwenye homa, kwa mama mwenye mtoto mgongoni, kwa mzee ambaye jembe limeshaanza kumwinamisha. Ndiyo maana watu walilima kwa mwendo mmoja, na mwenye mbio akavutwa shati. Walowezi na maofisa wao wakaandika kwenye ripoti kwamba Mwafrika ni mvivu. Mimi naona watu waliokuwa wakipiga hesabu.

Kisa kinachoonyesha hesabu hiyo waziwazi kuliko vyote hakikutokea Tanga wala Kilosa. Kilitokea Donbas, mashariki mwa Ukraine, enzi hizo sehemu ya Umoja wa Kisovieti, usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1935, ndani ya mgodi wa makaa ya mawe ulioitwa Tsentralnaya-Irmino. Mchimbaji mmoja wa miaka 29, Alexei Stakhanov, alitumia saa sita kasorobo kuangusha tani 102 za makaa, ilhali kiwango cha zamu kilikuwa tani 7. Alfajiri ileile, kabla vumbi halijatua, chama cha Kikomunisti kikaitisha kikao mgodini. Jina lake likaamriwa liandikwe kwenye ubao wa heshima, akapewa bonasi, akapewa nyumba yenye samani na simu. Siku chache baadaye mwenzake, Miron Dyukanov, akavunja rekodi kwa tani 115. Stakhanov akairudisha Septemba hiyohiyo kwa tani 227. Magazeti ya Moscow yakashika moto. Novemba wachapakazi kutoka viwanda na mashamba ya nchi nzima wakakusanywa Kremlin, na Stalin akawaambia kwamba maisha sasa yamekuwa bora na ya furaha zaidi. Desemba uso wa Stakhanov ukawa kwenye jalada la jarida la Time, Marekani. Likazuka vuguvugu lenye jina lake, na kila kiwanda kikatakiwa kitoe Stakhanov wake: dereva wa trekta Pasha Angelina, mlimaji wa viazisukari Maria Demchenko, mfua vyuma Alexander Busygin, na wengine wengi.

Lakini tushuke shimoni kidogo tukaone ile kazi yenyewe, maana hapo ndipo wanaosifu na wanaokosoa wote hupita mbio. Kabla ya usiku ule, mchimbaji wa mwamba ule alikuwa na kazi mbili. Alishika keekee ya upepo, ile inayotetemesha mikono mpaka mabegani, akakata makaa. Akikata kiasi, anaiweka chini, anashika shoka, anachonga magogo na kuyasimamisha kuwa nguzo ili paa lisimwangukie. Kisha anarudi kwenye keekee. Saa nyingi za zamu mashine ilikuwa imelala. Aliyepanga usiku wa rekodi alikuwa Konstantin Petrov, katibu wa chama pale mgodini, na mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza: Stakhanov akate tu asiiache mashine, na nyuma yake wawepo watu wawili, Gavrila Shchegolev na Tikhon Borisenko, wasimamishe nguzo. Petrov mwenyewe aliingia naye, na mhariri wa gazeti la mgodi pia. Kwa hiyo tani 102 zilikuwa za watu watatu. Zigawanye, kila mmoja anapata 34, ambazo bado zinakaribia mara tano ya kiwango. Ongezeko hilo halikutoka kwenye misuli ya mtu. Lilitoka kwenye kugawa kazi ili mashine isilale.

Habari hiyo ilikuwa nzuri kuliko ile iliyotangazwa. Ingetangazwa kama ilivyo, ingesema: jamani, tulikuwa tunapanga kazi vibaya, tumepata namna bora. Yangekuwa maneno ya kuwaaibisha mameneja na kuwapa wachimbaji nafuu. Kilichotangazwa badala yake ni kwamba amepatikana mtu, na Shchegolev na Borisenko wakafifia kwenye simulizi kama wabeba maji wa bwana harusi. Ukishasema siri ni mtu, kinachofuata kinajipanga chenyewe: kama mmoja ameweza, nyinyi wengine mna nini? Mwanzoni mwa 1936 viwango vya kazi vikapandishwa katika viwanda vingi. Mhandisi aliyesema mashine haitahimili kasi hiyo alijikuta anaitwa mhujumu, na miaka ile neno hilo halikuwa la mzaha. Mameneja waliotaka rekodi wakajifunza kumpa mtu mmoja mwamba laini, zana mpya na mabehewa ya kutosha, huku wengine wakisubiri zamu nzima wapate behewa moja. Baadhi ya wenye rekodi walipigwa na wenzao. Stakhanov mwenyewe alihamishiwa Moscow akawa mtu wa vikao na makofi, akarudishwa Donbas mwaka 1957, akafa 1977 baada ya miaka mingi ya pombe. Mwaka uliofuata mji wa Kadievka, jirani na mgodi ule, ukapewa jina lake. Bunge la Ukraine likauondolea jina hilo mwaka 2016.

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya wakomunisti. La hasha. Mwaka 1899, kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania, mhandisi Frederick Taylor na wenzake walimchagua kibarua mmoja mwenye nguvu, wakamsimamia kwa saa mkononi, mpaka akabeba tani 47 za chuma kwa siku badala ya 12 na nusu. Mshahara wake ulipanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Mzigo karibu mara nne, malipo nyongeza ya asilimia 60 tu. Taylor aliona hayo ni maelewano mazuri. Ujerumani Mashariki nayo ilimpata Stakhanov wake tarehe 13 Oktoba 1948, mchimbaji Adolf Hennecke, aliyetimiza asilimia 387 ya kiwango katika zamu iliyoandaliwa. Wenzake wakaacha kumsalimia. Miaka mitano haikupita, serikali ikaamuru viwango vipande kwa asilimia 10, na tarehe 16 Juni 1953 mafundi ujenzi wa Berlin wakaweka vifaa chini na kuingia barabarani. Mifumo miwili iliyochukiana kwa kila kitu ilikubaliana katika hili moja: mtafute mwenye mbio, kisha urefushe kamba.

Nyumbani Tanzania tumekuwa na historia yetu, na ina akili kuliko tunavyoikumbuka. Azimio la Arusha la 1967 liliposema masharti ya maendeleo halikusema juhudi peke yake. Lilisema juhudi na maarifa, na maarifa likayaeleza kwa mifano ya jembe: kutumia jembe kubwa badala ya dogo, plau ya ng'ombe badala ya jembe la mkono. Yaani mtu yuleyule, jasho lilelile, lakini zana na mpango tofauti. Ni somo la mgodi wa Donbas lilelile, safari hii likiwa limesemwa bila kumtafuta shujaa. Azimio lilisema pia jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye jukwaa la Mei Mosi: kwamba wanaofanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini ni wanawake wa vijijini, saa 12 mpaka 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Zaidi ya nusu karne imepita, na bingwa huyo hajapewa hata kofia. Miaka minne baadaye Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawageukia wakubwa wenyewe, ukakemea ubabe na majivuno ya viongozi kazini, na wafanyakazi wa viwandani wakaushika kwelikweli, wakagoma dhidi ya mameneja waliowatukana. Tangu hapo kaulimbiu zimepungua maneno. Ile ya 2015, Hapa Kazi Tu, ilibakiza juhudi. Maarifa hayakupata nafasi kwenye fulana.

Nisiwadhulumu wanaozitetea tuzo hizi, maana wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba binadamu anataka kuonekana. Kuna mhudumu wa usafi amefagia korido moja miaka 20, wakurugenzi sita wamepita juu ya sakafu yake inayong'aa, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Siku jina hilo likitajwa kwenye kipaza sauti mbele ya watoto wake, huwezi kumwambia kwamba ni propaganda. Hoja ya pili ni ya haki: kwenye ofisi zetu wapo wanaofika saa nne, wanatundika koti kwenye kiti na kutokomea, na wote wanapokea mshahara sawa na anayebaki mpaka magharibi. Mwaka 2016 serikali ilipokagua orodha zake ilikuta maelfu ya watumishi hewa, watu waliolipwa bila hata koti la kutundika. Asiyeona tofauti kati ya anayefanya na asiyefanya anamtukana anayefanya. Hoja zote mbili nazikubali. Ninachosema ni kwamba tuzo ya mtu mmoja kwa mwaka haitibu lolote kati ya hayo. Mhudumu wa usafi anahitaji mkubwa anayemjua jina Jumatatu hadi Ijumaa, na mwenye koti anahitaji barua ya onyo. Kumpa mtu wa tatu jokofu hakumsaidii wa kwanza wala kumgusa wa pili.

Hilo la jokofu sikulitunga. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi tulimchagua dereva, na alistahili. Jumapili ukimpigia simu alikuwa anaitika "nipo njiani, bosi" kabla hujasema unakwenda wapi. Tukampigia makofi, akapewa jokofu jipya, ambalo aliliuza wiki ileile kwa kuwa kwake umeme ulikuwa haujafika. Mwezi wa saba ikabandikwa ratiba mpya ya madereva, kila mmoja na Jumapili zake mbili kwa mwezi, malipo ya saa za ziada hayakutajwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, ziada isizidi saa 50 katika wiki nne, na ziada hiyo ilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Hakuna aliyeitaja. Dereva mwingine, mtu mpole, aliniambia tukiwa kwenye foleni ya mafuta: "Kaka, lile friji tunalilipia wote." Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo hutumika kuwaonya wanaosifiwa. Umri unavyosogea namwangalia zaidi anayesifu. Mara nyingi maji anayatia yeye, kwenye mshahara.

Kuna aina ya sifa inayonikera zaidi ya hiyo ya ofisini, nayo ni ile ya mwalimu aliye peke yake. Habari hii hurudi kila baada ya miezi kadhaa: shule ya msingi iko bondeni, mwalimu mmoja, madarasa saba, asubuhi anaandika hesabu ubao wa darasa la tatu, anakimbilia darasa la sita kuwapa insha, anarudi kusahihisha. Tunaisambaza, tunamwita shujaa, anaalikwa, anapewa cheti. Kiwango cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Habari ile kwa hiyo ni taarifa ya upungufu wa watumishi, imevishwa shela la harusi. Muuguzi anayeshika wodi nzima usiku peke yake ni hivyohivyo. Kadiri tunavyomsifu kwa kustahimili, ndivyo pengo linavyozoeleka, na afisa aliyetakiwa kupeleka walimu wengine watatu anapumua. Kiswahili kina maneno mawili ambayo hapa tumeyachanganya, hodari na mvumilivu. Fundi hodari ni yule ambaye nati yake haifunguki barabarani. Mvumilivu ni anayekubali kufanya kazi bila spana. Tunatangaza tuzo ya wa kwanza, halafu tunampa wa pili.

Nimeiacha mwisho hoja dhaifu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: angalieni Wachina, walichapa kazi bila kulalamika, leo wako wapi na sisi tuko wapi. Anayesema hivyo huwa na picha ya mtu kama Wang Jinxi, mchimbaji wa visima vya mafuta wa Daqing, aliyeitwa Mtu wa Chuma. Mwaka 1960, kisima kilipotishia kulipuka na hakukuwa na mtambo wa kukoroga, alijitosa kwenye dimbwi la saruji akalikoroga kwa mwili wake. China ilimfanya mfano wa taifa. Alisema angekuwa tayari kupunguza miaka 20 ya maisha yake ili uwanja wa mafuta upatikane, na alikufa mwaka 1970, akiwa na miaka 47. Kisa chake ni cha kweli na kinasisimua, lakini kinatuambia nini kuhusu mtambo wa kukoroga? Uchumi wa nchi ile uliruka miongo miwili baadaye, baada ya mageuzi ya 1978, mkulima aliporuhusiwa kuuza ziada yake na viwanda vilipopata mitambo na masoko. Watu walewale waliokuwa wakichapa kazi wakati wa Wang ndio waliochapa kazi baadaye. Bidii ilikuwepo siku zote. Na mwaka 2021 mahakama kuu ya China ilitamka kwamba utaratibu wa kampuni za teknolojia wa kuwafanyisha watu kazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, ni kinyume cha sheria. Wanaotuhubiria Uchina wangetufikishia na hiyo.

Tena sisi tuna Wachina wetu wa kuwatolea mfano bila kwenda Daqing. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa 1970 mpaka 1975 na maelfu ya Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia wengi zaidi yao. Kati ya Mlimba na Makambako walitoboa mahandaki na kuruka mabonde kwa madaraja yanayomfanya abiria hadi leo atoe kichwa dirishani. Ilimalizika kabla ya muda uliopangwa. Nitajieni jina la mfanyakazi bora wa TAZARA. Hakuna anayelijua, na reli haikupungua kitu kwa hilo. Kilichobaki ni makaburi ya Gongo la Mboto, mawe yaliyopangwa kwa mistari sawasawa, Wachina zaidi ya 60 waliofia huku, na hakuna jiwe lililoinuliwa juu ya mengine.

Anayetaka kuona jinsi kazi ngumu inavyokwenda hasa, aende siku ya kumwaga zege la ghorofa mtaani. Vijana 20 au 30, mashine inaguruma tangu alfajiri, ndoo zinapokezana mkono kwa mkono kutoka chini, kwenye ngazi ya mirunda, mpaka juu kwa fundi anayesawazisha. Zege halisubiri. Likianza ni lazima liishe, vinginevyo slabu inapata mshono. Siku kama hiyo nilimwona kijana mmoja, mrefu, mikono kama mihimili, anarusha ndoo kwa kasi ambayo juu yake hawakuiweza. Ndoo ya tatu ikamwagika kichwani kwa mwenzake. Kiongozi wa gengi hakumwita hodari. Alimshusha, akamweka kwenye kokoto, na mahali pake akamweka mtu wa makamo ambaye ukimtazama ungedhani amechoka. Mstari ukarudi kwenye mdundo wake. Jioni hela ilihesabiwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, wote wakipokea sawa isipokuwa mafundi wawili na mwenye mashine. Ukiwauliza pale nani alikuwa bora leo wangekuona hukuwepo.

Haya yanatufikisha mahali ambapo jambo linaacha kuwa la sherehe. Serikali imeacha ule mfumo wa OPRAS wa kupima utendaji wa watumishi kwa fomu za karatasi, ikaleta PEPMIS, ambapo kila mtumishi anaingiza kwenye mtandao kazi zake na utekelezaji wake, na msimamizi anazipa alama. Nia ni nzuri na sitaibeza, maana OPRAS ilikuwa imegeuka kuwa kunakili fomu ya mwaka jana. Lakini mfumo unamuuliza kila mtu peke yake: wewe umefanya nini? Borisenko angejaza nini pale? Angeandika kwamba amesimamisha nguzo kadhaa, kazi ya kawaida, na Stakhanov angeandika tani 102. Muuguzi aliyemaliza zamu na kubaki nusu saa kumfundisha mgeni namna ya kumshika mtoto njiti hana kisanduku cha kuandika hilo, na anayejua kujieleza atampita kwa alama. Kisha alama zikishakuwepo, kishawishi cha kuchukua ya juu na kuifanya kipimo cha wote kitakuja chenyewe. Kamba ya kidijitali inarefushwa kwa kubonyeza tu, bila mnyapara kutoka kivulini.

Nikirudi jukwaani, naona pale panasemwa lugha mbili siku moja. Singida, Mei Mosi ya 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Sekta binafsi nayo ikafuata, kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 1, 2026. Hiyo ni lugha ya wote, na ni ghali, ndiyo maana hubishaniwa miezi kadhaa kabla haijatamkwa. Ya pili ni lugha ya mmoja, ile ya hundi ya mfano, ambayo gharama yake haifikii bajeti ya chai ya wizara. Mwajiri yeyote akili yake ikiwa timamu atapenda mkutano uzungumzwe kwa ya pili. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo viliundwa kusema ya kwanza, vinashiriki kuandaa orodha za washindi na kupanga nani asimame wapi. Sijui kama wamewahi kukaa wakajiuliza wanamfanyia nani kazi hiyo.

Sitaki tuzo zifutwe. Mhudumu wa korido atajwe, tena kwa majina yake yote matatu. Ila nabadilisha kinachotuzwa. Kikituzwa kituo cha afya ambacho wauguzi wake waligundua namna ya kupanga zamu mpaka mama hasubiri tena saa nne nzima, taifa linapata kitu cha kuiga. Likituzwa gengi la barabara lililomaliza mwaka bila mtu kukatika kidole, limepata cha kuiga pia. Wanaofanya kazi pamoja ndio wachague, maana wao ndio wanaojua nani anasimamisha nguzo. Na barua ya pongezi iwe na sentensi moja iliyowekwa sahihi na mwajiri: kwamba kilichofikiwa na washindi hakitakuwa kiwango cha lazima kwa wengine mpaka wamepewa zana na watu walewale. Najua pingamizi litakalokuja, nimeshalisikia nilipolitaja wazo hili kwenye kikao. Afisa itifaki alitikisa kichwa, akasema gengi zima likiitwa mbele, jukwaa halitatosha, na mgeni rasmi ataonekana wapi kwenye picha?